Kampasi hazionani: kusoma dalili za njia ya faiba kabla hujamwita mkandarasi

Chuo chetu kina kampasi nne ndani ya Dar es Salaam: kampasi kuu iko Sinza, nyingine ziko Kisutu mjini, Kimara na Tegeta. Zamani kila kampasi ilinunua intaneti yake, na mwanafunzi wa Kimara aliyetaka kuona matokeo yake alilazimika kutoka nje kabisa ya chuo kimtandao ndipo arudi kwenye seva iliyopo Sinza. Tulipojenga njia zetu wenyewe za faiba, yaani kebo zenye nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga, watu walipumua. Baada ya hapo zikaanza simu: "Kimara hakuna mtandao." "Tegeta inakuja na kuondoka." "Leo Kisutu ni nzito."

Mwongozo huu ni kwa ajili ya fundi anayepokea simu hizo. Nimeupanga kwa dalili, kwa kuwa tatizo hukujia kama dalili, na chanzo chake unakitafuta mwenyewe.

Kwanza soma mwanga

Usichomoe kitu. Usizime swichi ya mtandao na kuiwasha. Ingia kwenye swichi na usome namba mbili za moduli ya laini husika, kile kifaa kidogo kilichochomekwa kwenye tundu la swichi kinachotuma na kupokea mwanga: mwanga unaotoka na mwanga unaoingia, kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga. Moduli nyingi za siku hizi zinaonyesha namba hizo. Kisha ingia kwenye swichi ya upande wa pili, au mwombe mwenzako aliyeko kule, usome zake pia. Unakuwa na namba nne. Toa mwanga ulioingia Kimara kwenye mwanga uliotoka Sinza, unapata upotevu wa njia kwa desibeli. Fanya hivyohivyo kwa kurudi.

Namba hizo zina maana tu ukiwa na za kulinganisha. Sisi tuna daftari, na nakala yake imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la swichi: kila laini, upotevu wake wa siku ya makabidhiano, kwenda na kurudi. Laini ya Kimara siku ile ilipoteza 4.6 dB. Leo ikipoteza 4.8, faiba ni nzima na ninatafuta tatizo kwingine. Ikipoteza 9, kuna kitu kimeikaba. Mwanga usipoingia kabisa, ama njia imekatika ama upande wa pili hautoi mwanga. Kama hukuandika namba za siku ya kwanza, ziandike leo laini zikiwa nzima, maana siku ya tatizo hutazipata.

Jambo moja la usalama: mwanga huu hauonekani kwa macho. Faiba iliyochomolewa inaweza kuwa inatoa leza na wewe unaona giza tu. Usiitazame usoni, wala usimwelekezee mwenzako.

Laini mpya, taa haiwaki kabisa

Hii hutokea siku ya kuwasha, mkandarasi yupo, mkuu wa idara yupo, na kila mtu anaitazama taa ya kijani isiyotaka kuwaka. Mara nyingi chanzo ni kidogo sana.

Laini ya nyuzi mbili ina uzi wa kwenda na uzi wa kurudi. Nyuzi zisipopishana, mdomo unazungumza na mdomo na sikio linasikiliza sikio. Geuza pachi kodi, ile kebo fupi inayounganisha swichi na paneli ya faiba, upande mmoja tu. Ukigeuza pande zote mbili umerudi ulipoanza, na nimewaona mafundi wawili, mmoja Sinza na mwingine Tegeta, wakigeuza kwa wakati mmoja zaidi ya mara tatu kwa sababu hawakuwa wakiongea kwenye simu.

Kama moduli ni za uzi mmoja, zinanunuliwa kwa jozi: moja hutuma mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310 na kupokea 1490, mwenzake kinyume chake. Ukiweka mbili zinazofanana, zote zinatuma rangi ileile ya mwanga na hakuna anayesikia. Soma lebo, usitegemee rangi ya mkono wa moduli.

Angalia pia rangi ya konekta. Bluu imesuguliwa bila mteremko, kijani imesuguliwa kwa mteremko wa digrii nane. Zikikutanishwa, nyuso hazigusani vizuri, mwanga mwingi unapotea pale na mwingine unarudi ulikotoka. Pachi kodi ya njano kwa kawaida ni ya modi moja, aina ya faiba ya njia ndefu kama zetu. Ya chungwa au samawati ni ya modi nyingi, na kiini chake ni kinene kuliko cha faiba iliyozikwa barabarani. Hizo ziache kwenye kabati la seva.

Kama yote hayo ni sawa, hakikisha pande zote mbili zimewekwa kasi moja, kwa sababu moduli ya giga 1 ndani ya tundu la giga 10 mara nyingi haijigundui yenyewe. Hakikisha pia tundu halijafungwa kwenye mipangilio. Zipo swichi zinazokataa moduli ya kampuni nyingine, na hilo utalikuta kwenye kumbukumbu za swichi.

Tochi ya leza nyekundu ni chombo kizuri kwa kazi hii, ila ni ya karibu. Inafaa kujua pachi ipi inatokea tundu lipi kwenye paneli, au uzi umevunjika wapi ndani ya trei. Ukiiwasha Sinza ukategemea kuiona Tegeta, utasubiri sana. Mwanga mwekundu hufifia ndani ya kilomita chache. Na kamera ya simu isikudanganye: simu nyingi hazioni mwanga wa 1310 wala 1550, kwa hiyo giza kwenye skrini si ushahidi.

Taa inawaka, lakini mtandao ni mzito na makosa yanaongezeka

Hapa ndipo fedha nyingi za vyuo hupotea. Mtandao unapokuwa mzito, watu hununua swichi mpya, huongeza kifurushi cha intaneti na kumlaumu mkandarasi. Angalia kwanza hesabu ya makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika, kwenye tundu la faiba. Ikiwa inapanda, angalia mwanga. Ukikuta umeshuka kwa desibeli mbili au tatu bila barabara kuguswa, chanzo kinachoongoza ni uchafu.

Nataka uelewe ukubwa wa kitu tunachozungumzia. Kiini cha faiba ya modi moja, pale mwanga unapopita, kina kipenyo cha takriban mikromita 9. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Siku tuliponunua hadubini ya konekta niliipachika pachi kodi iliyokuwa imelala kwenye droo ya Kimara, ikiwa na kifuniko chake. Kwenye skrini niliona duara la kijivu, katikati doa jeusi kama tone la wino, na kando yake mistari iliyopinda. Ilikuwa alama ya kidole. Mtu aliigusa ncha mara moja, labda alipokuwa akiichomoa, na mafuta ya ngozi yake yakabaki pale. Vumbi la Morogoro Road likayafuata. Doa lile lilikuwa limefunika kiini chote.

Utaratibu wetu ni huu: tazama, safisha, tazama tena, ndipo uchomeke. Anza na kisafishio kikavu cha kubofya. Doa lisipotoka, tumia kitambaa kisichoacha nyuzi chenye alkoholi safi ya isopropili, ya asilimia 99, futa kwa mwelekeo mmoja, kisha maliza kwa sehemu kavu ya kitambaa. Ile ya dukani ya kusafishia vidonda ina maji mengi na huacha utando. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu. Na usisahau upande wa pili wa kiungo, ule uliomo ndani ya paneli: ukichomeka konekta safi kwenye tundu chafu umewaambukiza wote wawili, na uchafu ukibanwa unaweza kuikwaruza kioo. Ikishakwaruzika haisafishiki tena, inabadilishwa.

Tulipofanya hivi kwenye paneli zote nne, laini mbili zilirudi kwenye namba za daftari bila kununua chochote. Kama una bajeti ya kifaa kimoja tu mwaka huu, nunua hadubini.

Upotevu ni mkubwa kwa 1550 kuliko 1310

Kwa kawaida ni kinyume. Faiba nzuri hupoteza takriban 0.35 dB kwa kilomita kwenye 1310 na karibu 0.22 kwenye 1550. Kwa hiyo ukipima kwa OTDR, kifaa kinachotuma mwanga na kuonyesha upotevu uko mita ya ngapi, katika mawimbi yote mawili, ukakuta mahali fulani 1550 inashuka ghafla huku 1310 ikipita karibu salama, faiba imekunjwa pale. Mwanga wa 1550 hauvumilii kona.

Mara nyingi kona iko ndani ya jengo. Ni mlango wa kabati uliofungwa juu ya pachi kodi, au vibanio vya plastiki vilivyokazwa mpaka kebo ikawa na kiuno, au fundi wa viyoyozi aliyesukuma kabati ukutani ili apate nafasi. Kisutu tulitafuta nusu siku tukidhani tatizo liko chini ya barabara, kumbe OTDR ilikuwa inasema mita 14. Mita 14 ni ndani ya chumba. Pachi kodi ilikuwa imezungushwa kwenye msumari kama kamba ya kuanikia nguo. Mwanga ulirudi mara tu tulipoitoa, wala haikuhitaji kubadilishwa.

Kama upotevu unaonekana kwenye maungio ya njiani, fungua boksi la maungio uangalie trei: uzi uliobanwa na kifuniko, au uliozungushwa mduara mdogo kuliko trei inavyotaka.

Ilikuwa nzima kwa giga 1, tukaipandisha giga 10 ikaanza kuanguka

Laini ya Tegeta ilitufundisha hesabu. Inatoka Sinza, inafuata Sam Nujoma mpaka Mwenge, kisha Bagamoyo Road moja kwa moja, na kioo chake kina kilomita 19. Kwa giga 1 ilikaa zaidi ya mwaka bila kulalamika. Tulipoweka moduli za giga 10 za aina ya LR, zile zilizoandikwa kilomita 10, taa iliwaka na wote tukafurahi. Baada ya siku chache laini ikaanza kuanguka na kurudi.

Hesabu ni hii. Kilomita 19 kwa 0.35 ni 6.7 dB. Splaisi saba, yaani mahali nyuzi zilipoungwa, kila moja 0.1, ni 0.7. Konekta mbili, kila moja nusu desibeli, ni 1. Jumla 8.4 dB. Kiwango cha LR kinaruhusu moduli itoe mwanga wa −8.2 dBm kwa uchache, na mpokeaji anahitaji angalau −14.4. Tofauti yake ni 6.2 dB tu. Tulikuwa tumevuka mpaka kwa zaidi ya desibeli mbili.

Kwa nini basi iliwaka? Kwa sababu moduli nyingi hutoa mwanga mwingi kuliko kiwango cha chini. Ya Sinza ilikuwa inatoa −2, hivyo Tegeta ilipokea −10.4 na kuridhika. Ya Tegeta ilikuwa inatoa −7, Sinza ikapokea −15.4. Upande mmoja unasikia vizuri, mwingine unabahatisha. Ndiyo maana nasisitiza kusoma namba nne. Angesoma mtu wa Tegeta peke yake, angeapa kuwa laini ni nzima.

Tuliweka moduli za ER, za kilomita 40, zinazotumia 1550. Kwa wimbi hilo njia yote inapoteza kama 5.9 dB na nafasi inabaki kubwa. Lakini usizichukue hizo ukazipachika kila mahali ukidhani nguvu nyingi ni usalama. Mpokeaji wa ER hataki mwanga unaozidi −1 dBm. Kwenye laini ya Kisutu ya kilomita 11, inayopoteza kama 4 dB, moduli inayotoa +4 ingefikisha sifuri, juu ya kiwango. Mpokeaji aliyezidiwa na mwanga hutoa makosa yaleyale ya mpokeaji aliyepungukiwa, na akizidiwa sana anaweza kuungua. Njia fupi wekea LR, au weka kipunguza mwanga cha desibeli chache.

Ripoti ya mkandarasi inasema kila splaisi ni nzuri, hesabu inakataa

Hii ni ya wakati wa makabidhiano, kabla hujasaini. Uliza vitu viwili: je, walipima kutoka pande zote mbili, na walitumia kebo ya kuanzia?

OTDR hutuma mapigo ya mwanga na kusikiliza unaorudi. Pale kebo za mitengenezo tofauti zinapoungwa, upande mmoja unaweza kuonyesha splaisi "imeongeza" mwanga. Splaisi haiongezi mwanga. Ni kioo cha pili kinachorudisha mwanga zaidi kuliko cha kwanza. Ukipima kutoka upande wa pili, splaisi hiyohiyo itaonekana mbaya. Ukweli ni wastani wa namba hizo mbili. Ripoti ya upande mmoja inaweza kuficha splaisi mbovu au kuisingizia nzuri.

Kebo ya kuanzia, ya mita mia kadhaa, inahitajika kwa sababu OTDR ni kipofu kwa mita za mwanzo baada ya konekta yake. Bila hiyo, konekta ya kwanza ya paneli yako, ile ambayo pengine ndiyo mbovu, haijapimwa. Ya mwisho nayo inahitaji kebo kama hiyo upande wa pili.

Mimi sisaini bila mafaili yenyewe ya OTDR. Picha za skrini kwenye karatasi huwezi kuzifungua baada ya miaka mitatu na kuziweka juu ya kipimo kipya.

Imekatika ghafla, mwanga hauingii kabisa

Kabla hujafikiria kijiko cha kuchimbia barabara, fikiria umeme. Upande wa pili ukizimika, mwanga hauingii pia, na kutoka Sinza hali zote mbili zinafanana. Mpigie mlinzi umuulize kama taa za ofisi zinawaka. Laini ikirudi, soma swichi ya kule imekaa hewani muda gani. Ikisema dakika sita, faiba haikukatika, ilizimika swichi, na shida yako ni betri za UPS. Msimu wa masika tulipokea malalamiko mengi kwamba "mvua inakata faiba ya Kimara". Tulipoanza kuangalia muda huo, karibu zote zilikuwa ni umeme. Betri za UPS zilikuwa zimechoka.

Umeme ukiwepo, chukua OTDR.

Usiku mmoja laini ya Kimara ilikufa saa 4:17, kumbukumbu ya swichi ndiyo iliyosema. Asubuhi OTDR kutoka Sinza ikaonyesha mwisho wa kioo kwenye mita 6,840. Kosa la kawaida ni kupanda bodaboda na kupima kilomita 6.8 kwa odometa. Kioo ni kirefu kuliko barabara. Nyuzi zimesokotwa ndani ya kebo, kwa hiyo zinazidi urefu wa kebo kwa asilimia moja hivi, na kila chemba ina mizunguko ya akiba. Anza kuhesabu kutoka alama ya karibu unayoijua. Daftari letu linasema maungio ya pili yapo kwenye mita 6,100 za kioo. Kwa hiyo mkato uko mita 740 za kioo mbele yake. Toa mita 15 za akiba ndani ya chemba ya maungio na mita 40 zilizozungushwa kwenye chemba inayofuata, zinabaki 685. Toa asilimia moja ya usokotaji, zinabaki kama 678. Tukashuka Morogoro Road na gurudumu la kupimia, tukiwa na rangi ya kupulizia.

Kwenye mita 670 hivi kulikuwa na mzee analinda yadi ya matofali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnatafuta bomba?"

"Tunatafuta waya wa chuo, mzee. Usiku kuna mtu alichimba hapa?"

"Kilikuja kijiko kama saa nne hivi, kikachimbua pale kwenye mtaro. Wakafukia harakaharaka wakaondoka. Angalieni udongo, bado haujashika."

Udongo ulikuwa mwekundu na mbichi kati ya vumbi la kijivu. Chini yake tulikuta bomba la plastiki limepasuka na kebo imevutwa mpaka ganda jeusi limekuwa jembamba kama utomvu unaovutika. Hilo ni muhimu: kebo ikivutwa na kijiko, haikatiki pale tu. Nyuzi zinaweza kuvunjika au kuumia mita nyingi kila upande. Pima kutoka pande zote mbili kabla ya kuunga, na kata mpaka ufike kwenye kioo kizima. Sisi tulibadilisha kipande kizima, kutoka chemba hadi chemba. Hiyo ina maana ya maungio mawili mapya, kwa hiyo namba ya daftari nayo inabadilika. Iandike upya siku hiyohiyo.

Baada ya hapo tulipeleka ramani ya njia zetu kwa wenye barabara: TANROADS kwa barabara kuu, TARURA kwa za mitaa. Tuliacha na namba ya simu inayopokelewa usiku. Anayechimba halali huwa anauliza, lakini anaambiwa tu kuhusu kile kilichoandikishwa.

Baada ya matengenezo, laini moja imerudi na nyingine hazijarudi

Rangi. Nyuzi kumi na mbili za kila mrija zina mpangilio: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, samawati. Mchana, chini ya hema jeupe, hazichanganyiki. Saa tano usiku, kwa tochi ya simu, chungwa na kahawia ni ndugu, na kijivu na nyeupe ni mapacha. Laini yetu ya data inatumia uzi wa 1 na wa 2, kamera za ulinzi zinatumia wa 3 na wa 4. Usiku wa matengenezo chungwa na kahawia zilibadilishana. Data ikakosa uzi wake wa kurudi, kamera nazo zikakosa wao, huku mkandarasi akisema kila splaisi imetoka 0.02 na akiwa sahihi kabisa. Splaisi nzuri ya uzi usiohusika.

Njia ya kuthibitisha ni kutuma mwanga uzi mmoja baada ya mwingine kutoka upande mmoja na kupokea kwa kipima mwanga upande wa pili, kwa nyuzi zote, hata zisizotumika. Zisizotumika ndizo utakazozikimbilia siku nyingine.

Mwanga unashuka kidogokidogo tangu mvua zianze

Hapa sasa mvua inaweza kuhusika kweli. Njia yetu ya Kisutu inapita bonde la Msimbazi pale Jangwani, na kila anayeishi jiji hili anajua maji ya Jangwani. Boksi la maungio lililofungwa vibaya hujaa maji na tope. Maji hayazimi mwanga siku hiyohiyo. Tope huingia kwenye trei na kubana nyuzi, na unyevu hudhoofisha kioo pale kilipo na mvutano. Unaona nusu desibeli mwezi huu, nyingine mwezi ujao.

Mabadiliko kama hayo hutayaona kwa kungoja simu. Tumeweka programu inayosoma mwanga wa kila moduli kila dakika tano na kuchora mstari. Mstari ukishuka desibeli moja chini ya daftari, tunatoka kwenda kuangalia chemba wakati laini bado ni nzima. Boksi likifunguliwa, mpira wake wa kuzibia hubadilishwa, na kebo hufutwa kabla ya kuziba, maana chembe moja ya mchanga kwenye mpira ni mlango wa maji.

Kama kebo yako ina chuma ndani, iwe ganda la kinga au waya wa kuvutia, kifungie nondo ya ardhi pale inapoingia kwenye jengo. Kioo hakipitishi radi, chuma kinapitisha, na radi iliyopigwa mbali inaweza kuingia mpaka kwenye kabati lako.

Mwanga ni safi kila mahali, lakini kampasi zote zimekufa kwa pamoja

Hili lilitupata siku tulipofunga duara. Tulikuwa na laini tatu zinazotoka Sinza kama miale, tukaongeza ya nne kutoka Kimara mpaka Tegeta kupitia Goba, ili Sinza–Tegeta ikikatika data izunguke. Tulipochomeka konekta ya mwisho, taa zote za swichi zikaanza kupepesa kwa pamoja, haraka, bila kupumzika, na ndani ya dakika moja hakuna aliyeweza kufungua chochote. Tukachomoa, ikatulia.

Pakiti za kutangazwa kwa wote zilikuwa zinazunguka duara bila mwisho na mpya zikizidi kuongezeka juu yake. STP, itifaki ya swichi ya kuzuia data isizunguke, ilitakiwa kuufunga upande mmoja, lakini swichi moja ya Kimara ilikuwa imezimwa STP na mtu aliyekuwa akijaribu kitu, akasahau kuirudisha. Hata ikiwa imewashwa kila mahali, duara la faiba lina mtego wake: uzi mmoja wa jozi ukifa na mwingine ukabaki mzima, swichi inaweza kudhani upande wa pili umenyamaza na kufungua njia iliyokuwa imefungwa. Washa ulinzi wa laini ya upande mmoja kwenye kila tundu la faiba.

Maoni yangu ni kwamba kampasi zisiunganishwe kama swichi moja ndefu. Kila kampasi iwe na mtandao wake wa anwani, na kati yao ziwepo ruta, au swichi zenye uwezo wa kuruti, zikitumia OSPF, itifaki ambayo ruta hujulishana njia zilizopo. Kosa la chumba kimoja cha kompyuta Tegeta libaki Tegeta. Tulibadilisha hivyo wakati wa likizo, kampasi moja kila wikiendi, na duara likafungwa kimyakimya.

Kampasi zinaonana, intaneti hakuna

Faiba yako ni nzima. Jaribu kufungua seva ya matokeo ya Sinza ukiwa Kimara. Ikifunguka, tatizo liko baada ya ruta ya kutokea nje. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipokatika na intaneti ikadorora nchi nzima, simu zilizoingia zilikuwa zilezile: "faiba imekufa." Mwanga wetu wote ulikuwa sawa na wa daftari. Tuliwatangazia wanafunzi kwamba mfumo wa matokeo na maktaba ya ndani vinafanya kazi, wakaendelea kuvitumia. Seva ya majina ya ndani (DNS), ile inayogeuza jina kuwa anwani, ilikuwa pale Sinza, ndiyo maana majina yalifunguka. Kama ya kwenu iko nje ya nchi, siku kama ile hata seva iliyo chumba cha pili hamtaipata kwa jina. Hilo ni la kurekebisha wiki hii, na halihitaji kuchimba barabara.